Mlima Unaoshuka Polepole

Mvua haikuwanyeshea hata tone moja. Baadaye, Mshonaji alikuja kulishangaa hilo kuliko mengine yote. Pale walipokuwa jua liliwaka, anga ilikuwa samawati tupu, na yeye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha turubai akimenya chungwa. Huko juu, kwenye kilele cha volkeno iliyozimika zamani sana hata hakuna aliyewahi kusimuliwa habari za moto wake, wingu lilikuwa limejikalia kama kilemba, na ndani yake mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo.

Gari lilikuwa limekufa tangu asubuhi. Shafti ilikatika walipokuwa wanapanda mteremko wa mawe, na mumewe alikuwa amelala uvunguni, ikionekana miguu tu. Watu walimwita Breki kwa jinsi alivyoendesha taratibu. Abiria wake walisema akiona kivuli cha ndege barabarani anapunguza mwendo. Safari hii alikuwa na abiria wawili, mke wake na dada yake. Dada ndiye mwenye safari. Alikuwa mjiolojia, ukoo mzima ukimwita Daktari wa Mawe, na alitumwa kukagua ardhi ya miguuni mwa mlima kabla mji haujapanuliwa upande huo. Mke alidandia kwa sababu alikuwa na maturubai ya kumpelekea mteja ng'ambo ya mlima.

Mshonaji alikuwa na karakana ya kushona maturubai ya malori, chumba kimoja chenye mashine mbili nzito, harufu ya nta, na marobota ya kitambaa yaliyozuia dirisha lisifungike. Breki, siku asipokuwa barabarani, alimshikia ncha ya kitambaa ili mshono usiende upande. Daktari wa Mawe hakuwahi kulipenda hilo. Siku ya posa alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kaka yake atamaliza maisha anamshikia mtu ncha ya turubai. Tangu hapo mawifi hao wawili walisalimiana vizuri, wakapakuliana chakula vizuri, na hawakuwa na la kuzungumza.

"Wifi, hapa ni salama?" Mshonaji aliuliza.

Daktari wa Mawe alielekeza nyundo yake kwenye mkondo mkavu uliokuwa mbele yao, umechimbika kama barabara iliyozama, unatoka kwenye mdomo wa korongo jembamba lililopasua mlima. "Maji yakija yatapita mle. Sisi tuko juu ya ukingo."

Mshonaji akamaliza chungwa lake. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, na baadaye alikumbuka kwamba aliifurahia.

Kisha ikaja sauti, kama lori lililobeba mapipa matupu, mbali sana. Breki akajitoa uvunguni, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Nani anakuja na lori huku?" akauliza.

Hayakuwa maji. Ulikuwa uji mzito wa kahawia, na juu yake majabali yanaelea na kugongana kama viazi kwenye sufuria inayochemka. Ulitoka mdomoni mwa korongo ukashika mkondo, vilevile kama Daktari wa Mawe alivyosema, na kwa muda wa pumzi chache Mshonaji aliutazama unapita kama mtu anayetazama gari moshi la wenzake. Halafu majabali ya mbele yakakwama. Mengine yakapanda juu yake, mengine tena, mpaka mkondo ukazibwa kama kwa lango. Uji ukajaa nyuma ya lango, ukavimba, ukatafuta pa kutokea, ukageuka upande wao.

Breki hakupiga kelele. Alimshika mkewe kiunoni akamtupa juu ya jabali walilokuwa wamefungia kamba za turubai. Dada yake alikwisha kuparamia kwa upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka goti moja juu ya jiwe wakati gari lilipogeuka polepole, kama ng'ombe anayejilaza, likamgonga mguu uliobaki chini. Wanawake wawili wakamvuta, mmoja kwa mkono, mwingine kwa kola ya shati. Gari likaondoka na madumu ya maji, na simu ya upepo ya kuitia msaada, na maturubai ya mteja. Lilitelemka likizunguka, milango ikifunguka na kufungika, mpaka likawa kitu kidogo cha rangi nyeupe, mpaka halikuwa kitu.

Baada ya hapo palitulia kabisa. Uji uliishiwa nguvu, ukasimama, ukaanza kuganda pande zote za jabali lao. Mvuke ulipanda. Ndege mmoja mdogo alitua juu ya tope na kulitazama, kichwa upande.

Mguu wa Breki ulikuwa umevunjika chini ya goti. Mfupa haukutokeza nje, lakini ngozi ilipasuka. Daktari wa Mawe alichomoa fito mbili zilizoshikilia turubai, Mshonaji akachana pindo za gauni lake, na kwa pamoja wakaufunga mguu. Maneno yao yalikuwa "shika hapa", "kaza", "legeza kidogo". Breki aliuma mkanda wake mwenyewe na kutazama angani.

Walikuwa na chupa moja ya maji iliyokuwa mfukoni mwa Daktari wa Mawe, kisu, nyundo, kamba na turubai. Mafuriko yalikuwa yameacha madimbwi kati ya mawe. Wakachota, wakachuja kwa mtandio, wakanywa maji yenye ladha ya chuma na majivu, wakaijaza chupa. Waliporudi kuchota tena, dimbwi lilikuwa nusu. Mshonaji akakaa analitazama linavyoondoka. Halikuwa linakauka. Lilikuwa linashuka, taratibu, kana kwamba kuna mtu chini anayelivuta kwa mrija, mpaka changarawe ikabaki inang'aa, halafu ikaacha kung'aa.

"Yameenda wapi?"

"Chini yetu," alisema wifi yake. "Yanatembea."

Jioni ile, Breki akiwa amelala kwa maumivu na uchovu, Mshonaji alisema asubuhi atapanda korongoni. Si mbali. Alikuwa anayasikia maji yanadondoka mle ndani, tone kwa tone, wazi kama saa ya ukutani.

"Usiende juu," alisema Daktari wa Mawe. "Twende chini."

"Chini ni mbali. Hakuna hata mti."

"Kuna maji."

"Na hapa ulisema hayafiki."

Daktari wa Mawe aliinamisha kichwa. Alichukua konzi ya kokoto akazimimina kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na alipoanza kusema alisema polepole, kama anajisomea.

"Mlima huu ni majivu na mawe yaliyorundikana tu, wifi. Haujashikana. Mvua inaubomoa kidogo kidogo. Kwenye korongo maji yamebanwa, yana nguvu, yanabeba chochote. Yakitoka mdomoni yanapata nafasi, yanatawanyika, yanachoka. Yakichoka yanatua mzigo. Mawe makubwa kwanza, ndiyo haya. Changarawe mbele yake. Mchanga mbele zaidi. Tope jepesi mwisho kabisa. Na mkondo ukishajaa mzigo wake mwenyewe, maji yanauacha, yanatafuta pengine. Leo huku, miaka ijayo kule. Kwa hiyo ukiangalia kutoka angani unaona upepeo wa kujipepea uliofunguliwa, mpini wake uko korongoni. Tumelala juu ya mpini."

"Kwa hiyo ulijua yanahama."

"Nilijua. Niliangalia mtaro, sikuangalia upepeo." Zile kokoto zikaisha mkononi. "Lakini hili la chini najua pia. Lile tope la mwisho ni zito, halipitishi maji. Haya yanayotembea chini yetu yakifika pale yanakwama, yanatokeza. Na penye maji patakuwa na watu."

Mshonaji aligeuka. Alimtazama mumewe, akakuta macho yamefunguka.

"Mnaniuliza mimi?" alisema Breki kwa sauti iliyokauka. "Mimi ndiye Breki, na nimeshakatika. Gari lisilo na breki linaelekea wapi?"

Mshonaji alicheka bila kutaka, na wifi yake pia, na kwa mara ya kwanza vicheko vyao vikakutana.

Wakaenda chini.

Sehemu ya mwanzo ilikuwa mbaya. Majabali yalikuwa makubwa kama vibanda, na ilibidi wamnyanyue Breki kutoka jiwe hadi jiwe, yeye akisukuma kwa mikono na mguu mzima. Kila baada ya hatua chache walisimama. Hawakuhesabu chochote. Jua lilipanda, likawakalia mabegani. Mawe yalipoanza kupungua ukubwa, Mshonaji alilitandaza turubai, akalikunja mara mbili upande wa kichwa, akafunga kamba kwenye matundu ya pindoni yenye macho ya chuma aliyoyagonga kwa mkono wake mwenyewe. Wakamlaza Breki katikati. Mke akashika kamba ya kulia, dada akashika ya kushoto.

"Vuta," alisema Mshonaji.

Daktari wa Mawe alitazama ile kamba ya ncha ya turubai iliyokuwa mkononi mwake. Akatazama mbele. "Sema usicheke," alisema.

"Sicheki."

"Unacheka, wifi."

Turubai lilikuwa na sauti. Juu ya mawe ya ukubwa wa kichwa liligongagonga, na Breki aliguna kila pigo. Kisha mawe yakawa ya ukubwa wa ngumi, kisha ya yai, na mgongano ukageuka kuwa mngurumo. Mshonaji alivuta amefumba macho. Aliona kama yuko karakanani, mashine inatembea, kitambaa kirefu kisicho na mwisho kinapita chini ya sindano, na kitambaa hicho ni mlima. Alikuwa anaushona kwenye tambarare ili usiondoke. Alipofumbua macho, tambarare ilikuwa imejaa ziwa la maji meupe, na ndani ya ziwa miti imesimama kichwa chini.

"Unaona ziwa?" aliuliza.

"Naona," alisema wifi yake. "Si la kweli. Litazame tu, linapendeza."

Wakavuta huku wanalitazama. Mahali fulani walipita juu ya ardhi iliyoinuka kidogo, yenye mawe meusi yaliyopangana vizuri kama sakafu, yameng'arishwa na upepo. Daktari wa Mawe alisema mafuriko hayajafika hapo kwa miaka mingi sana, pengine tangu kabla watu hawajawa na mazoea ya kupita. Hapo walikwenda haraka, na Mshonaji alihisi anatembea ndani ya nyumba ya mtu asiyekuwepo, akatamani kuvua viatu.

Walipogeuka kupumzika, waliona wingu limerudi kileleni. Kutoka mdomoni mwa korongo ulimi wa kahawia ulijitokeza tena, mdogo kwa umbali, bila sauti. Ulifika kwenye jabali walilokuwa wamelalia, ukalifunika, ukachagua njia nyingine upande wa kushoto na kujitandaza huko, kama mtu anayegeuka kitandani. Walitazama mpaka ukasimama. Mshonaji alifikiria yale matone aliyoyasikia korongoni, na jinsi yalivyomwita kwa upole.

"Twende," alisema.

Maji ya chupa waliyagawa kwa kizibo. Breki alianza kuwaka homa. Aliongea na abiria wasiokuwepo, aliwaambia wafunge mikanda, wasitoe mikono nje. Usiku walilala wamemweka katikati, na asubuhi chupa ilikuwa tupu, na hakuna aliyeuliza ameimaliza nani, kwa sababu wote watatu walijua ni homa iliyoimaliza.

Siku ile sauti ya turubai ilibadilika tena. Mngurumo ukawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa mnong'ono. Walikuwa mchangani. Kuvuta kulikuwa kwepesi, na wao walikuwa wamepungua nguvu kwa kiasi kilekile. Midomo ya Daktari wa Mawe ilipasuka. Alianguka, akanyanyuka, akaanguka. Penye majani makavu yaliyosimama kama nywele alisema, "Hapa," akachimba kwa nyundo, halafu kwa mikono, mpaka kwenye kiwiko. Mchanga ulikuwa mkavu na wa moto. Akabaki amepiga magoti mbele ya shimo lake, mikono imening'inia.

"Nimekosea tena," alisema.

Mshonaji alifikiri angekasirika, akatafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, hakuipata. Alimshika mkono, akaurudisha kwenye kamba, akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

Wakavuta. Ardhi ilikuwa tambarare kabisa sasa, laini, imepasukapasuka vipande kama vigae. Turubai halikutoa sauti yoyote. Ilikuwa kama kumvuta mtu hewani. Mshonaji aliona wanawake wengi wanatembea pamoja nao, kila mmoja na kamba yake, wanauvuta mlima wote kuelekea mahali fulani, hawana haraka, na hata yeye hakuwa na haraka tena. Angeweza kulala. Mlima ungekuja kumfunika taratibu, punje kwa punje, bila kumwamsha.

Kilichomwamsha ni harufu. Aliijua kabla hajajua ni harufu ya nini, aliijua kwa mikono na kwa kifua, harufu ya asubuhi za masika karakanani, malori yakiingia na maturubai yanayochuruzika. Turubai lililolowa lina harufu yake. Nta inaamka.

Akasimama. Akainama, akainua pindo la turubai chini ya miguu ya mumewe. Upande wa chini ulikuwa mweusi kwa unyevu.

"Wifi," alisema. Sauti haikutoka, akalivuta gauni la mwenzake. "Wifi, pashike."

Daktari wa Mawe akapashika. Akaliweka shavu lake juu ya turubai na kufumba macho. Kisha akachukua nyundo.

Wakachimba pamoja, vichwa vikigusana. Vigae vikavu vya juu, chini yake udongo uliokoza rangi, chini yake tena udongo unaoshikana na vidole. Kisha shimo likatulia, likafikiri, na kutoka upande wa mlimani ukaingia uzi wa maji, mwembamba, safi kabisa, baridi. Ulikuwa umetembea chini yao njia yote. Mshonaji alilowesha mtandio, akaukamua kwenye midomo ya Breki kabla yeye mwenyewe hajanywa. Breki alimeza, akameza tena, akafumbua macho.

"Tumefika kituoni?" aliuliza.

"Bado. Kunywa."

Walikunywa mpaka wakatapika, wakanywa tena polepole. Wakaosha kidonda. Na jua liliposhuka upande wao, vumbi likatua, wakaona moshi. Haukuwa wa jikoni. Ulikuwa mzito, umesimama wima, unatoka kwenye tanuri.

Palikuwa ni kiwanda cha matofali kwenye ukingo wa mwisho wa upepeo, pale udongo laini ulipokuwa umerundikana kina kirefu na vijito vidogo vinatokeza ardhini vyenyewe. Banda refu la bati, na ndani yake matofali mabichi yamepangwa safu kwa safu yanasubiri kukauka, yanatoa ubaridi kama wa chumba cha mtungi. Mwanamke mmoja, udongo umemfika kwenye viwiko, ndiye aliyewaona kwanza. Aliacha kalibu yake ya kufyatulia matofali akaja akikimbia, akaita wenzake, wakambeba Breki juu ya ubao wa kubebea matofali.

Mguu ule ulipona. Ulipona na kigingi cha chuma ndani yake, na Breki alisema sasa ana sababu ya kuendesha polepole. Mji haukupanuliwa upande ule. Daktari wa Mawe alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya waheshimiwa na kuwaeleza kwa nini, akawaonyesha kovu la mkono wa kushoto lililoachwa na kamba, na mwezi hata mwezi akawa anafika karakanani bila kubisha hodi, anajitafutia stuli. Hayo yalikuja baadaye.

Jioni ile walikuwa wamekaa chini bandani, mgongo kwa ukuta, wakisubiri lori la matofali lipakuliwe ili limpeleke Breki hospitali. Mshonaji aliweka kiganja juu ya tofali bichi lililokuwa karibu naye. Lilikuwa laini kama shavu, na lilikubali alama ya vidole vyake. Yule mwanamke mtengeneza matofali alikuja na kikombe cha uji kila mkono, akachuchumaa mbele yao.

"Mmetoka wapi nyinyi?"

Mshonaji akanyoosha mkono kuelekea mlima, lakini wingu lilikuwa limeufunika wote, palikuwa na weupe tu.

"Huko," alisema.

Yule mwanamke akatazama weupe ule, akatazama miguu yao. Kule nje dereva wa lori alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na alikuwa anaita: nafasi ya mtu mmoja tu kumsindikiza mgonjwa.

"Mgonjwa ni wa nani kati yenu?" aliuliza mwanamke.

Mshonaji alitaka kujibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa uji. Daktari wa Mawe akamwekea mkono begani, akaanza kumnyanyua.

"Ni wake," alisema. "Naye ni wangu. Ongea na dereva, tutabanana."